Mafuta ya kampuni kubwa: tunalipia petroli au tunalipia bango?

Dereva Mtulivu:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Nina gari la petroli la kawaida, injini ndogo, si la mashindano. Kila siku napita vituo viwili, kimoja cha kampuni kubwa, kingine hakina jina la kukumbukwa, na chenye jina kiko juu kwa bei. Jirani yangu anasema mafuta ni yale yale, kilichobadilika ni bango na sare za wahudumu. Shemeji yangu anaapa kwamba tangu ahamie kampuni kubwa gari lake halimisi tena. Nani anasema kweli? Na kama tofauti ipo, inafidia hiyo hela ya ziada?

Mzee Spana:
Bango tupu. Nafungua injini tangu enzi za kabureta, sijawahi kutoa valvu ikaniambia imenyweshwa na kampuni gani. Malori yanapanga foleni bohari moja, yanapakia tangi moja. Akitoka wa kampuni kubwa anaingia wa kituo kisicho na jina. Kinachoua magari ni ninyi vijana mnaotembea na taa ya mafuta inawaka wiki nzima, pampu ikifa mnalaumu kituo.

Kemia Kidogo:
Shikamoo Mzee Spana. Tangi ni moja kweli, ila umeishia nusu ya habari. Kinachochanganyika kwenye mabomba na matangi ya bohari ni petroli ya msingi. Dawa ya kampuni huingizwa pale lori linapopakia, kwa kipimo chake. Kwa hiyo malori mawili yanaweza kupakia tangi moja na yakaondoka na vitu viwili tofauti.

Dawa yenyewe kazi yake kubwa ni kusafisha: inazuia ukoko usigande kwenye nozeli na valvu. Marekani iliweka kiwango cha chini cha dawa hiyo miaka ya 1990. Watengeneza magari wakaona hakitoshi, na mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota wakaanzisha kiwango chao cha juu zaidi, Top Tier. Mwaka 2016 AAA, chama cha wenye magari cha huko huko, kikapima injini kwa mwendo wa kama kilomita 6,400. Mafuta yasiyofikia kiwango hicho yaliacha kwenye valvu za kuingizia ukoko ambao kwa wastani ni mara 19 ya ule wa mafuta yanayokifikia.

Lakini angalieni, kiwango si sawa na jina. Costco ni duka la jumla, linauza mafuta kwa bei ya chini, na limo kwenye Top Tier. Kwa hiyo muulizeni mwenye kituo ametia nini, mengine ni rangi ya ukuta.

Robo Tanki:
Mzee Spana, hilo la taa umelisema kwa dharau. Si wote tunaishi na tanki limejaa. Wengine tunaweka mafuta ya leo kwa hela ya leo. Unadhani kuna mtu anaipenda ile taa? Tunaiangalia kuliko tunavyoangalia barabara.

Mzee Spana:
Sijamdharau mtu. Nimesema pampu. Pampu ya umeme imo ndani ya tanki, inapozwa na hiyo hiyo petroli inayoizunguka. Ukiiacha kavu inapata joto inakufa. Umaskini umeuleta wewe.

Robo Tanki:
Nimeuleta mimi? "Ninyi vijana mnaotembea na taa" ni salamu hiyo?

Mama Gia:
Na mimi aniambie ni kijana wa wapi. Nina wajukuu, na taa yangu inawaka kila mwisho wa mwezi. Pampu haijawahi kunidai kitu.

Kamba Mbili:
Turudi kwenye mada jamani. Si walishathibitisha kwamba mafuta ya vituo vya uchochoroni yanaleta uchafu mara 90? Hapo mnabishana nini tena?

Kemia Kidogo:
Mara 19, ndugu. Na si "vituo vya uchochoroni", ni mafuta yasiyofikia kiwango. Kuna jina kubwa linaweza kukosa, na jina dogo likawemo.

Kamba Mbili:
19 au 90, uchafu ni uchafu. Ndiyo maana naweka ile ya bei ya juu kabisa, oktani 98. Gari linaruka, unalisikia kwenye kiti.

Kipimo:
Unachosikia kwenye kiti ni risiti. Oktani si nguvu. Ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujiwakia yenyewe kabla ya cheche. Kama kitabu cha gari lako kinasema 91 na injini haina mgandamizo mkubwa wala turbo, hiyo 98 inaungua vile vile na haikupi kitu cha maana. AAA hao hao waliwahi kukadiria kwamba ndani ya mwaka mmoja madereva wa Marekani walitupa zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa kuyawekea mafuta ya daraja la juu magari yasiyoyahitaji. Na swali la mtoa mada ni la jina la kampuni. Umechanganya madaraja na majina.

Kamba Mbili:
Marekani wenyewe wanatumia 87 kwenye magari yao makubwa. Sasa nani ananidanganya?

Kipimo:
Hakuna anayekudanganya, ni vipimo viwili. Oktani hupimwa kwa njia mbili: RON, injini ikiwa na kazi nyepesi, na MON, ikiwa na kazi ngumu. Namba ya pampu za Marekani ni wastani wa hizo mbili. Nchi nyingi huandika RON peke yake. Hiyo 87 yao ni kama 91 kwa hesabu ya RON. Usinunue mafuta kwa kusoma bango la nchi nyingine.

Kamba Mbili:
Sawa profesa. Gari langu linaruka.

Nozeli ya Pili:
Kuna jambo mnalipita. Hizo valvu zilizopimwa zinaoshwa na petroli kwa sababu nozeli inamwaga nyuma ya valvu, dawa inapita hapo inasafisha. Injini nyingi za siku hizi nozeli inamwaga moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu ya kuingizia haioni petroli kabisa, weka mafuta ya kampuni gani sijui. Humo dawa inasaidia nozeli zenyewe, basi. Toyota kwenye injini zao za D-4S wanatumia nozeli za aina zote mbili, na faida mojawapo ni hiyo ya kuosha valvu. Mtoa mada aseme kwanza injini yake ni ya aina gani ndipo tumjibu.

Mama Gia:
Bado nasubiri Mzee Spana anijibu.

Mzee Spana:
Mama yangu, wewe ni mwenzangu, nakuomba radhi kwa lile la vijana. Lakini la taa silitoi. Tanki likiwa chini uchafu wote uliotulia unavutwa.

Kipimo:
Mzee, hapo siko nawe. Pampu inavuta kutoka chini ya tanki siku zote, liwe limejaa au limebaki robo. Kama kuna mchanga inaukuta siku zote. Na magari mengi ya sasa pampu imekaa ndani ya kikombe kinachobaki na mafuta hata tanki likiwa limeshuka. Hatari halisi ni kuendesha mpaka ivute hewa, hasa kwenye kona na milima mafuta yakikimbilia upande mmoja. Taa kuwaka peke yake haiui pampu.

Robo Tanki:
Asante. Tena tanki tupu ni jepesi, gari linakula kidogo. Kwa hiyo sisi wa robo ndio wabana matumizi, ninyi wa tanki kamili mnabeba mzigo.

Kipimo:
Nawe usizidishe. Lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo. Ukipunguza lita 25 umeshusha kilo 18 na ushei.

Mzee Spana:
Kilo 18 ni mtoto wa shemeji mmoja kiti cha nyuma. Mwache nyumbani ule faida.

Robo Tanki:
Mzee umeanza utani, maana yake hoja imekwisha.

Sauti ya Lami:
Mnazungumza sabuni na kilo, mimi nazungumza wizi. Kuna watu wanachanganya mafuta ya taa kwenye petroli. Oktani inashuka, injini inagonga ukipanda mlima, plagi zinachafuka. Hela ya ziada kwenye kampuni kubwa naiita bima: wana jina la kupoteza, hawawezi kucheza na mchezo huo.

Chujio:
Bima gani? Mimi mafuta yaliyochakachuliwa niliwekewa kwenye kituo chenye bango kubwa kuliko nyumba yangu. Gari lilizima kabla sijafika kazini, fundi akafungua chujio akakuta maji na kitu kama matope. Niliporudi kuuliza, meneja akaniambia niende na risiti, risiti nayo ilikuwa na jina la mtu mwingine kabisa, aliyekodi kituo. Kampuni imekodisha rangi na bango. Tangi la chini ya ardhi ni la huyo aliyekodi, usafi wake ndio usafi wa mafuta yako.

Sauti ya Lami:
Ulikuwa na bahati mbaya. Kimoja hakiharibu vyote.

Chujio:
Bahati mbaya yangu, bima yako. Tunaelewana.

Kemia Kidogo:
Chujio amegusa jambo kubwa kuliko dawa. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tangi la kituo. Na petroli yenye ethanoli inanyonya maji, yakizidi kiasi inajitenga: ethanoli na maji vinashuka chini, juu inabaki petroli yenye oktani pungufu. Kituo kinachouza sana na kinachopima maji kwenye tangi lake ni salama kuliko kituo chenye bango zuri ambacho mafuta yanalala humo mwezi mzima. Nafuu ni kutazama foleni ya wateja. Na ukikuta lori linashusha mafuta, pita, urudi baadaye. Lile linakoroga kila kilichotulia chini.

Mzee Spana:
Aha! Kumbe kilichotulia chini kinakorogwa. Nilisema nini mimi?

Kipimo:
Tangi la kituo, mzee! Si tanki la gari!

Mzee Spana:
Tangi ni tangi.

Mama Gia:
Ha ha ha, huyu mzee hashindwi.

Dereva Mtulivu:
Nimesoma yote. Injini yangu inamwaga nyuma ya valvu, kitabu kinasema 91. Nitaweka kwenye kituo chochote chenye wateja wengi, na mara mojamoja nitanunua chupa ya dawa ya kusafisha nozeli nimwage mwenyewe kwenye tanki. Shemeji nitamwambia abaki na bango lake.

Kamba Mbili:
Hiyo chupa ni bei gani ukilinganisha na 98 yangu? Piga hesabu kwanza.

Nozeli ya Pili:
Asome nyuma ya chupa kilichomo. Akikuta polietheramini, ile dawa yenyewe ya kuondoa ukoko, sawa. Nyingine nyingi ni mafuta ya taa yenye manukato, atakuwa amejichakachua mwenyewe.

Robo Tanki:
Mzee Spana, tukiacha ugomvi. Gari langu siku hizi linazomea upande wa kiti cha nyuma, sauti nyembamba, inazidi jua likiwa kali. Asubuhi linachelewa kuwaka mpaka nifungue ufunguo mara mbili. Hiyo ni nini?

Mzee Spana:
Hiyo ni pampu inakuaga, mwanangu. Sitasema zaidi nisije nikaambiwa nadharau.

Kipimo:
Usinunue pampu kwa sauti. Kapimwe presha ya mafuta kwanza, na uanze na chujio. Chujio likiziba pampu inasukuma kwa nguvu na inalia hivyo hivyo. Kuchelewa asubuhi mara nyingi ni presha inarudi usiku, valvu ndogo ya kuzuia imechoka.

Mzee Spana:
Chujio ni sawa, aanze nalo. Na mpaka atakapopimwa asishushe chini ya robo.

Robo Tanki:
Robo ninayo. Jina langu unaliona hapo juu.