Mafundi mnaoskimu hedi bila kupima mmeniulia 1HZ yangu, na hedi yangu ya zamani naitaka!

Wakuu nawasalimu, ila leo nimekuja na hasira na sina sababu ya kuificha. Nina Land Cruiser ya safari, ile ndefu ya 70, injini 1HZ, dizeli silinda sita cc 4164 isiyo na turbo, zile Toyota walizoanza kuzitoa 1990 na mpaka leo hapa Arusha magari mengi ya utalii yanazitegemea. Hii injini ukiitunza inakuzika wewe. Mimi yangu imeuawa na fundi, tena mchana kweupe, na hela nimelipa. Kwa wasiojua, hedi ni kile kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda na kubeba valvu, na kuskimu ni kuuchonga uso wake wa chini unyooke.

Ilianza hivi, msimu umechanganya, nimebeba wageni tunaenda Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kuona nyumbu wakivuka mto Mara, tumepita geti la Loduare tunapanda ukingoni mwa Ngorongoro mshale wa joto ukaanza kusogea. Nikapaki, nikazima, nikaacha ipoe kabisa kabla ya kugusa mfuniko wa rejeta. Wageni wakahamishiwa gari nyingine na hela ya safari ikaondoka nao. Kwa wasiojua, pale juu ni kama mita 2,300, maji ya kawaida yanachemka kwenye digrii 92 hivi, kinachokuokoa ni presha ya mfuniko na kulant (maji ya dawa ya kupoza injini) ya maana. Kwa hiyo gari ikichemsha pale haina maana hedi imekufa. Inaweza kuwa mfuniko, themostati, pampu, au ile kluchi ya feni yenye mafuta ya silikoni imechoka na feni inazunguka kivivu wakati unapanda taratibu na mzigo. Hivi ndio vitu vya kuanza kuangalia. Fundi hakuangalia hata kimoja, alifika akasema tu "bosi hapa tunafungua hedi."

Haya, ikafunguliwa. Karakana siitaji jina, wenyewe wanajijua. Akaniambia hedi ina ufa kati ya valvu na chemba, silinda ya tatu. Nikasema nionyeshe. Akachukua bisibisi akanionyesha mstari mweusi wa masizi. Masizi jamani! Nikamwambia fundi, hapo safisha, puliza ile dawa nyekundu, ifute, kisha puliza ile nyeupe, kama kuna ufa utajichora wenyewe mwekundu. Akacheka, akasema yeye ana uzoefu, macho yake yanatosha. Kupima kwa presha ndio hata usiulize, yaani kufunga matundu ya maji, kupuliza hewa na kuizamisha hedi kwenye maji ya moto uone kama inatoa mapovu. Hawana hicho kifaa na hawataki kukupeleka kwa wenye nacho.

Akaleta hedi ya mtumba, eti imetoka Japani, safi. Nilipoiona tu nikauliza mbona uso wake umeshaskimiwa huko ilikotoka? Imepungua kiasi gani? Hakuna aliyejua. Hakuna vernia ya kupimia unene iliyowekwa pembe nne za hiyo hedi, hakuna rula ya chuma wala fila geji, vile vibao vyembamba vya kupimia mwanya. Kupinda kwa hedi kunapimwa hivyo, unalaza rula kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, unapenyeza fila, unasoma ni pointi ngapi za milimita. Ni kazi ya dakika chache! Wao wakaibeba moja kwa moja kwenye mashine "tuitoe ngozi kidogo." Kidogo ipi? Kidogo kwa nani?

Sasa hapa ndipo panaponiuma zaidi, sikilizeni vizuri wenye hizi injini. 1HZ dizeli yake haichomwi moja kwa moja juu ya pistoni. Kila silinda ina kichemba chake ndani ya hedi ambamo moto unaanzia, na mdomo wa hicho kichemba ni kipande cha chuma kigumu sana kilichopachikwa, kinaishia sawasawa na uso wa hedi. Ukitaka kuskimu inabidi uvitoe vyote sita, uskimu, uvirudishe na uhakikishe vimekaa usawa unaotakiwa. Ukiviacha humo jino la mashine linakata vizuri kwenye hedi, likifika kwenye kile kigumu linaruka. Hedi yangu ilirudi na mawimbi kuzunguka vichemba vyote, na mistari unayoisikia kabisa ukipitisha ukucha. Uso wa namna hiyo gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, itaziba nini? Nikasema, nikaambiwa gasketi itajaza yenyewe, nisiwe na wasiwasi, wao wamefunga nyingi.

Halafu hii ni dizeli. Kompresheni yake ya kiwandani ni 22.4 kwa 1, pistoni inapanda mpaka juu kabisa, nafasi kati yake na valvu ni ndogo mno. Ukiishusha hedi bila kuzizamisha valvu kwenye siti zake umezisogeza valvu zikutane na pistoni. Na kamshafti, mhimili unaofungua valvu, iko juu ya hedi, ikishuka hedi inashuka nayo, taimingi inasogea. Klirensi za valvu, yaani mianya yake, nazo zinabadilika ukishachonga siti, vitabu vinasema milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.40 kwa ekzosti, injini ikiwa baridi, unarekebisha kwa kubadili shimu, vile visahani vya chuma vinavyokaa juu ya valvu. Nilipouliza shimu zimepimwa nikajibiwa "zile zile za mwanzo ziko poa." Za mwanzo za hedi nyingine!

Matokeo mnayajua. Gari imewaka inagonga, eti ni nozeli zitazoea. Nimeipeleka barabara ya Karatu kuijaribu, hosi ya juu ya rejeta imekuwa ngumu injini hata haijapata moto vizuri, nafungua mfuniko maji yanabubujika kama sufuria ya ugali. Moto wa silinda unaingia kwenye maji. Nikaivuta mpaka Moshi kwa mzee mmoja wa zamani, akafungua mbele yangu. Pistoni mbili zina alama ya nusu mwezi, imechongwa kabisa na valvu. Gasketi imetoboka palepale penye yale mawimbi. Na huyo mzee kabla hajashika spana alikwenda kwanza kwenye feni, akawasha injini ipate moto, akaizima, akaizungusha feni kwa mkono, ikazunguka bure bila ukinzani wowote. Kluchi ya feni. Tatizo lilikuwa kluchi ya feni tangu siku ya kwanza!!

Nimerudi kwa fundi wa kwanza nikadai hela yangu na hedi yangu, ile aliyosema ina ufa. Akasema ameiuza skrepa. Umeiuza kwa ruhusa ya nani? Kitu kinachotoka kwenye gari ya mtu ni cha mwenye gari, hata kama kimeoza. Na kama kweli ilikuwa na ufa, kwa nini ulikuwa na haraka hivyo ya kuiondoa nisiione? Nikiuliza hapo ananiambia nina maneno mengi, gari za zamani ndivyo zilivyo. Gari ya zamani haijapiga valvu kwenye pistoni yenyewe, wewe ndiye uliyeshusha hedi bila kupima.

Ninachotaka: kwanza, mwenye kujua karakana Arusha, Moshi au hata Dar yenye kifaa cha kupima hedi kwa presha na inayokuandikia unene kabla na baada ya kuskimu, anitajie PM. Pili, kama kuna mtu ameuziwa au atauziwa hedi ya 1HZ ya mtumba maeneo haya, angalia silinda ya nne, tundu la glo plagi (ile plagi ya kupasha moto dizeli wakati wa kuwasha) lilishachongwa uzi upya na limetiwa kipete cha shaba, na pembeni yake kuna alama mbili za patasi. Hiyo ni yangu, usilipe, nipigie.