Monita ya 144Hz inaacha moshi mweusi nyuma ya kitu kinachotembea, naipimaje kabla sijairudisha?

Wakuu habari zenu. Jana nimechukua monita ya mtumba, inchi 24, 144Hz, yaani inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Picha ikitulia iko safi kabisa ila nikiingia kwenye gemu sehemu za giza, mtu akikimbia anaacha kama moshi mweusi nyuma yake, na nikiskroli maandishi yanakuwa ukungu tu. Muuzaji kanipa siku 3 za kurudisha. Nitajuaje kama ni ugonjwa wa monita au setingi zangu? Hela yenyewe nimeichanga miezi minne jamani.

Jibu 1
Pole mkuu. Ingia kwanza setingi za displei kwenye Windows uangalie inasoma Hz ngapi, nyingi ukichomeka tu zinakaa 60 mpaka ubadilishe mwenyewe. Na tumia waya wa DisplayPort, tundu za HDMI za monita za zamani mara nyingi hazifiki 144.

Muulizaji
Aisee kweli ilikuwa 60! Maandishi sasa afadhali sana. Moshi bado upo.

Jibu 2
Hayo ni mambo mawili tofauti mkuu. Iache iwake nusu saa, paneli ikiwa ya baridi inakuwa nzito, halafu fungua testufo.com, tovuti ya kupimia mwendo wa picha, na ufunge programu zingine zote. Utaona mchoro wa kisahani kinachoruka, kinakimbia pikseli 960 kwa sekunde, kifuate kwa macho, usikodolee sehemu moja. Kwa 60Hz fremu inasimama milisekunde 16.7 huku jicho lako linaendelea kutembea, ndo unapata ukungu wa pikseli 16 hata paneli iwe na kasi gani, kwa 144 unashuka mpaka kama 7. Huo siyo ubovu. Wewe tafuta mkia, yaani kisahani cha pili kilichofifia nyuma ya kile cha kwanza, hapo pikseli zinachelewa kubadilika. Kisha ingia menyu ya monita yenyewe upandishe ovadraivu (setingi ya kuharakisha pikseli kubadilika) ngazi moja moja huku unaangalia. Ukizidisha utaona kivuli cheupe kinang'aa nyuma ya kisahani, rudi ngazi moja.

Jibu 3
Moshi mweusi gizani tu? Mi naona hiyo ni paneli ya VA, aina mojawapo ya kioo cha LCD. Pikseli zake kutoka nyeusi kwenda kijivu cha giza zinajikokota, na ovadraivu haimalizi hilo tatizo. Ile 1ms ya kwenye boksi, yaani kasi ya milisekunde moja, isikudanganye, mara nyingi imepimwa taa ya nyuma ikiwa inawaka na kuzima haraka haraka. Kwa muvi VA ni tamu sana, weusi wake IPS (aina nyingine ya paneli) haifikii, ila kwa gemu za giza utateseka. Na ukitaka kumpigia muuzaji picha usishike simu imetulia, isogeze sambamba na kisahani, la sivyo picha haitaonyesha unachokiona wewe.

Muulizaji
Nimetafuta modeli iliyoandikwa mgongoni, ni VA kweli. Ovadraivu ya kati imepunguza kidogo, ya mwisho imeleta huo mweupe. Kesho asubuhi naipeleka, anasema ana IPS ya 144 naongeza kidogo, na hiyo IPS naipima palepale dukani kabla sijatoa hela. Asanteni sana wakuu.