Tupeane uzoefu: mlikuwa wapi Rais wa Somalia Siad Barre alipoanguka, na kabla yake mliishije?

Mwana wa Miini
Assalam aleikum jamaa. Juzi mwanangu alimuonyesha bibi yake picha ya mnara wa Barawa, mji wetu wa pwani ya kusini mwa Somalia, kwenye simu. Mama akaanza kutaja nyumba moja moja kutoka ufukweni: nani alikaa hapa, nani alidarizi kofia, nani alishona viatu vya ngozi. Mimi niliondoka mdogo, nakumbuka giza na makelele tu. Sasa anataka kwenda kuiona nyumba yake kabla hajafa. Wenye kukumbuka, semeni tafadhali: enzi za Jaalle (komredi) Siyaad mliishi vipi, na ile Januari 1991 iliwakuta wapi? Na wanaojua njia za huko siku hizi, nishaurini.

Shangani
Nilikuwa Hamarweni, Mogadishu. Risasi zilianza tarehe 30 Disemba 1990, tukadhani ni mambo ya siku chache. Usiku wa kuamkia 27 Januari Siad akatoka Villa Somalia, ikulu yake, asubuhi watu wakajaa barabarani wanashangilia. Furaha haikudumu. Waliokuja na bunduki wakaanza kugonga milango na kuuliza kabila, na sisi watu wa Hamar (wenyeji wa Mogadishu) jibu letu halikuwa na mtu wa kulitetea. Mwishoni mwa mwaka huo huo Ali Mahdi na Aidid, viongozi wa waasi waliomng'oa Siad, wakaugawa mji, hata kwenda kumzika jamaa upande wa pili ikawa haiwezekani.

Mwalimu wa 1974
Vijana mnaanzia 1991, lakini kulikuwa na miaka 21 kabla yake. Oktoba 1972 Kisomali kilipewa maandishi rasmi ya Kilatini. Mwaka 1974 skuli za sekondari zikafungwa, wanafunzi tukapelekwa porini kuwafundisha wafugaji kusoma. Nilikuwa kijana wa mjini, nikahama na ngamia wao huku ubao nimeufunga mgongoni. Mchana wanachunga, jioni wanakaa chini ya mti wanaandika majina yao. Kuna mzee aliandika jina la marehemu baba yake akalishika ubaoni kwa kiganja, hakutaka nilifute, somo likaishia hapo.

Kisha ukaja ukame wa Dabadheer. Tuliokwenda kufundisha tukawa tunagawa chakula na kuhesabu mizoga. Serikali ikawabeba wafugaji maelfu kwa maelfu, wengine kwa ndege za Warusi, ikawaleta kusini. Wako walioletwa hapo hapo Barawa wafundishwe uvuvi, watu ambao samaki hawakuwahi kumtia mdomoni. Mama yako atawakumbuka. Mji ulikuwa safi, hospitali ina dawa, mtoto wa maskini anasoma bure. Mpaka vita vya Ogaden vya 1977 na Ethiopia nilikuwa naamini kwa moyo wangu wote.

Binti Hargeisa
Mzee wangu, shikamoo. Mbona umeruka Januari 1975? Masheikh 10 walipigwa risasi kwa sababu walipinga sheria yake ya familia misikitini. Hilo nalo lilikuwa kwenye usafi wa mji?

Mimi nilizaliwa Arusha, baba akaturudisha kwao Hargeisa. Mei 1988 wapiganaji wa SNM, waasi wa kaskazini, walipoingia, ndege za serikali zilikuwa zinaruka kutoka uwanja wa Hargeisa wenyewe, zinapanda, zinageuka na kuupiga mji huo huo. Uwanja ulikuwa unaonekana kutoka kwetu. Unaiona ndege inainuka, unajua dakika chache tu iko juu ya paa lako. Tulitembea usiku, mchana tunajificha, mpaka Hartasheikh, Ethiopia. Mdogo wangu tulimzika njiani, na mahali penyewe leo sipajui. Kwa hiyo mkisema "alipoanguka", kwetu alikuwa ameshatuangusha sisi kwanza.

Mpita Njia
Pole dada. Lakini tuseme ukweli, afadhali yeye kuliko waliomfuata.

Binti Hargeisa
Afadhali kwa nani? Unasema hivyo kwa sababu bomu halikuangukia kwenu.

Mwalimu wa 1974
Binti, sikukanushii hata neno moja. Nimeulizwa tuliishije, nimejibu nilivyoishi. Mungu amrehemu mdogo wako.

Bibi wa Jomvu
Haya sijawahi kuyaandika, lakini huyu kijana amemtaja mama yake nami nimeshindwa kulala.

Barawa iliporwa si mara moja. Kundi likitoka, jingine laingia. Wa kwanza walichukua dhahabu, wa pili vyombo na nguo, waliofuata hawakukuta kitu wakang'oa milango na mabati. Wasichana tulifichwa darini, juu ya jiko la jirani. Dada yangu mkubwa hakuwahi kufika juu. Hapo sitaongeza neno. Sisi hatukuwa na jeshi, na mtu wetu akiuawa hakuna aliyekuja kutulipa diya (fidia ya damu) hata ya ngamia mmoja, maana hakuna aliyetuogopa.

Baba akasema kaskazi bado yavuma, tuondoke sasa, kwani ikishaingia kusi hapana chombo kitakachoweza kushuka Mombasa. Tulipanda jahazi usiku, maji yametufika kifuani, watoto tumewabeba vichwani. Lilikuwa jahazi la kuchukulia boriti. Watu walikaa magoti yamegusa kidevu, ukisimama umepoteza nafasi yako. Tulipofika usawa wa visiwa vya Wabajuni mashine ikazima, nahodha akatweka tanga lililochanika. Maji ya kunywa yalitiwa kwenye mapipa ya dizeli. Watoto walikunywa wakatapika, wakalia tena wataka maji.

Mke wa mjomba wangu alikuwa na mimba pevu, uchungu ukamshika hapo. Bibi yangu akawapa wanaume kanga wazishike pande nne, nyuso wamezielekeza baharini. Kitovu kilikatwa kwa wembe wa nahodha. Mtoto alipolia, jahazi zima lilipiga takbiri, hata wale waliokuwa wagomvi tangu tung'oe nanga. Lakini damu ya mama yake haikukatika. Alfajiri alikuwa ameshatutoka. Tulimkafini kwa nguo ya sala ya bibi, tukamsalia tumekaa kwa kuwa pa kusimama hapakuwepo, tukamshusha baharini mbele ya Kiunga.

Mombasa hatukuruhusiwa kushuka. Tulikaa ndani ya jahazi, watu wa mji wakija kwa vidau na mikate na maji. Wallahi sitawasahau. Baadaye ndipo tukapelekwa kambini.

Dada wa Eastleigh
Mtoto je? Bibi, mtoto aliishi?

Shangani
Subhanallah. Nami nauliza la mtoto.

Kijana wa Kismayo
Manahodha wale wengine walitajirika. Mama yangu alivua bangili zote ufukweni ndipo akapandishwa. Aliyekosa dhahabu alibaki.

Mpate
Kaka, usitutie sote kapu moja. Babu yangu wa Pate alipeleka jahazi lake kule na kurudi na watu waliokuwa hawana hata viatu. Chombo kilikamatwa, kikaozea pwani. Hakulipwa na mtu.

Kijana wa Kismayo
Babu yako Mungu amlipe. Bangili za mama pia zilikuwa za kweli.

Mpate
Sijasema uongo. Nimesema si wote.

Dada wa Eastleigh
Jamani acheni, tunasubiri habari za mtoto.

Mzigua wa Chogo
Mkisubiri, na mimi niseme ya kwetu mto Juba, maana kila uzi wa Somalia sisi husahauliwa. Wazee wetu walitoka Uzigua karne ya 19, wakauzwa utumwani, wakatoroka na kufungua mashamba kwenye misitu ya Gosha. Kizigua hatukukiacha. Enzi za Siad tuliambiwa ukabila umefutwa, sote ni jaalle. Lakini sheria ya ardhi ya 1975 ilifanya ardhi yote kuwa ya serikali, na hati zilipatikana kwa wenye kujuana na wakubwa mjini. Ukiamka unakuta shamba la babu yako ni la mtu asiyejua hata kushika jembe, nawe ni kibarua humo.

Vita vilipokuja, wenye bunduki walijua tunakoweka nafaka, kwenye mashimo ardhini. Walifukua yote. Njaa ya 1992 mlioiona kwenye televisheni ilikuwa na ukame, ndiyo, lakini sisi mahindi tulikuwa nayo, yalibebwa kwa malori tukitazama. Wengine walitembea hadi Liboi na Dadaab, Kenya, na kutoka huko wapo waliochukuliwa Marekani kuanzia 2003. Sisi tulifika Tanga kwa bahari. Handeni tuliposema Kizigua, wazee wa pale walikaa kimya wakitusikiliza, halafu bibi mmoja akauliza ukoo wetu. Wengi wetu leo ni raia wa Tanzania. Mama yangu ana shamba Chogo, huko huko Handeni, lenye hati ya jina lake.

Mtu wa Garissa
Nathibitisha ya Liboi. Watu walikuja na miguu imepasuka. Sisi Wasomali wa Kenya wenyewe tulikuwa tumetoka kupigwa msasa 1989, tukionyesha vitambulisho mara mbili mbili kuthibitisha ni Wakenya, lakini kila boma lilichukua familia. Halafu Aprili 1992 Siad mwenyewe akavuka mpaka akakaribishwa Nairobi, wakati watu wake wamelala kwenye matandiko ya miba. Kelele zilikuwa nyingi, Mei akapelekwa Nigeria, na huko Lagos ndiko alikofia Januari 1995. Mimi lile lilinichoma kuliko yote.

Kijana wa Kismayo
Mwenye uzi, kuhusu mama: mpeleke. Ila pasipoti yake ishike wewe, asije akagoma kurudi.

Shangani
Asiende. Barawa ilitoka mikononi mwa Al-Shabaab Oktoba 2014, lakini barabara ya kutoka Mogadishu kupitia Marka si ya kumpitisha mzee. Tafuta kijana wa pale apige video nyumba kwa nyumba, mama amuelekeze kwa simu.

Dada wa Eastleigh
Video ni mateso. Mzee wangu alikwenda Mogadishu, akamkuta mtu ndani ya nyumba yetu. Alikaribishwa chai kwenye baraza aliyoijenga kwa mikono yake, akanywa, akashukuru. Alirudi amenyamaza, lakini tangu hapo usiku analala. Mwache aende.

Mwalimu wa 1974
Muulize kwanza kama anataka kuiona nyumba au watu wa nyumba. Kama ni watu, wako Mombasa, London na Columbus, nauli ni ya huko.

Bibi wa Jomvu
Samahanini, nilikwenda kusali. Mtoto yu hai. Mwanamke aliyekuwa na mwanawe mchanga mle jahazini alimnyonyesha pamoja na wake mpaka tulipotoka kambini. Wote wawili wako Manchester, ndugu wa kunyonya, na mtoto wa jahazi ni mama wa watoto wanne.

Dada wa Eastleigh
Alhamdulillah. Nimelia kazini.

Mwana wa Miini
Nimemsomea mama yote, mpaka ya Hargeisa na ya Juba. Bibi wa Jomvu, aliponisikia nikisoma habari za jahazi alinikatiza. Anauliza huyo mke wa mjomba alikuwa mtu wa mtaa wa Mpai au wa Biruni, na kama alikuwa mdarizi wa kofia.

Bibi wa Jomvu
Biruni. Na kofia ndiyo kazi yake. Mwanangu, mama yako ni nani? Nitumie namba faraghani, nipige sasa hivi.