Naomba ushauri: bibi anaona aibu kwenda kupokea pesa ya TASAF

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu na malipo ya TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya masikini) hapa Dar.

Mtaani kwetu wengi bado wanapokea mkononi. Foleni inapangwa nje ya ofisi ya mtaa, pembeni ya kijiwe cha bodaboda, na majina yanaitwa kwa sauti. Kuna bibi analea wajukuu wawili. Kitambulisho chake cha mlengwa hukifunga kwenye pindo la kanga mpaka afike mezani. Sasa amekosa awamu mbili mfululizo, kwa sababu wajukuu wanaitwa "watoto wa TASAF" shuleni. Inauma, maana jina lake lilipitishwa na mkutano wa mtaa huo huo.

Nimejaribu kumhamishia malipo ya simu, ikakwama: laini imesajiliwa kwa NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mwanawe, majina hayalingani. Kusajili laini yake nako, alama za vidole hazisomeki (amefua nguo za watu miaka mingi).

Je, anaweza kuteua mtu wa kaya yake ampokelee, na aanzie kwa nani? Na mitaa iliyoacha kuita majina hadharani, mlifanyaje?