Naomba ushauri: usaili wa waigizaji wa msimu wa kiangazi

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Nipo Maine, Marekani, na nimepewa jukumu la kuchagua waigizaji wa kiangazi. Tuna michezo 3, Juni hadi Agosti, na watu walewale 9 watacheza yote: asubuhi mazoezi ya mmoja, usiku jukwaani kwa mwingine.

Kila anayekuja hupewa dakika 2. Siku ya kwanza niliona watu 40, na kufika jioni sura zilikuwa zinanichanganya. Nilitoa alama 1 hadi 10, lakini nikizipitia naona za asubuhi ziko juu kuliko za jioni. Naogopa nimewaonea waliokuja mwisho.

Halafu kuna kijana Mkongomani anayeomba kutoa kipande chake cha Shakespeare kwa Kiswahili, kutoka Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Natamani sana kumsikia, ila wenzangu 2 wa jopo hawajui Kiswahili.

Je, niwaite tena wote wa jioni, au kuna njia bora ya kusawazisha alama? Na huyu kijana, nimruhusu Kiswahili kitupu, au arudie kwa Kiingereza? Tunakutana tena Jumamosi.