Anwani ya mtumaji kwenye barua ya ng'ambo: niandike ipi?

Mwalimu wa Ilazo
Ndugu zangu, naomba msaada. Mwanangu anasoma Ujerumani, na chuo chake kinataka nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili zifike kwa barua, si kwa baruapepe. Sina sanduku langu la posta. Barua zangu hupitia sanduku la shule, ingawa nyumba yangu ina namba tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Je, upande wa mtumaji niandike sanduku la shule, mtaa na namba ya nyumba, au anwani ya mwanangu ili bahasha ikikwama irudi karibu naye? Jirani yangu anasema hata nikiacha wazi haidhuru, mradi stempu zimetosha.

Karani Mstaafu
Mwalimu, jirani yako anakupoteza. Bahasha isiyo na anwani ya mtumaji ikishindwa kumfikia mpokeaji haina pa kurudi. Anwani ya mwanao nayo haifai, kwa kuwa chini ya taratibu za Umoja wa Posta Duniani, ambao nasi ni wanachama, barua iliyoshindikana hurudishwa katika nchi ilikopostiwa.

Andika jina lako kamili, chini yake jina la shule, kisha S.L.P. na namba yake, postikodi na DODOMA, na mstari wa mwisho TANZANIA. Neno hilo la mwisho ndilo wengi husahau, kwa sababu barua za ndani hazilihitaji, na kumbe ndilo pekee ambalo karani wa Ujerumani analazimika kulielewa. Yaliyobaki yatasomwa na watu wetu wenyewe, kwa hiyo usihangaike kutafsiri S.L.P. wala mtaa. Kwa mpokeaji mambo hugeuka: nakili anwani ya chuo kama ilivyo, postikodi ikitangulia jina la mji, lakini nchi iandike GERMANY badala ya UJERUMANI, maana barua huenda ikapita mikononi mwa posta ya nchi ya tatu.

Ya kwako iwe pembe ya juu kushoto, kwa herufi ndogo kuliko za mpokeaji. Ukiiweka chini, mashine ya kuchambua barua inaweza kuidhania ndiyo inakokwenda, ukaletewa bahasha yako mwenyewe.

Msusi wa Vikapu, Kongwa
Naongeza juu ya hilo la jina. Bahasha yangu ilirudi baada ya miezi minne, imebandikwa kikaratasi chenye orodha ya sababu kwa Kifaransa, na alama ya vema mbele ya maneno «non réclamé», yaani hakuna aliyeifuata. Kurudi ilirudi, lakini ilikaa wiki tatu juu ya kabati la mhasibu wa ofisi niliyoazima sanduku lake, kwa kuwa niliandika jina la ofisi bila langu.

Siku ukituma kifurushi, soma vizuri fomu ya forodha kabla ya kutia saini. Kuna mahali pa kuchagua kama kisipopokelewa kirudishwe au kiachwe huko huko, na ukichagua kirudishwe, gharama ya kurudi inaweza kukuangukia wewe. Mimi nililipia vikapu ambavyo ningevisuka upya kwa fedha ndogo kuliko hiyo.

Mwalimu wa Ilazo
Nashukuru sana, Mzee wangu, nawe Msusi. Namba ya nyumba niiongeze pia?

Karani Mstaafu
Iache, Mwalimu. Barua yako itaishia kwenye sanduku la shule, na anwani mbili humfanya karani asite. Ila itume kwa rejista: risiti yake ina namba inayoishia na herufi TZ, na bila hiyo hutakuwa na cha kuonyesha dirishani ukienda kuulizia.