Elfu tatu na mia tano kwa oringi ya mfereji! Mafundi wa Mombasa mtatuua

Jamani, niacheni nitoe la moyoni. Nina drili ya nyundo ya Kijerumani, ile ya SDS-plus, yaani biti waichomeka tu ikajifunga, shina lake milimita 10. Niliinunua mtumba mwaka 2009 na ndiyo inayonilisha mie na watoto kwa kazi ya kufunga AC. Mwezi uliopita niko Nyali natoboa slabu, ikaacha kugonga. Kuzunguka yazunguka, lakini kwenye zege inapapasa tu, utadhani yakuna nazi.

Aliyewahi kufungua mashine hizi ashajua tatizo. Ndani mna pistoni, mbele yake kipande cha chuma kinachogonga, na baina yao ni hewa. Hewa ile ndiyo inayokirusha chuma. Oringi, ile pete ya mpira inayoziba hewa, ikilika, hewa yapita pembeni na nyundo inakufa. Basi.

Duka la kwanza, pale mjini, kijana hata hakuitoa mashine kwenye gunia. Kasoma namba: "Mzee, hii ilishatoka, spea zake hakuna." Hapo hapo kanivutia boksi la mpya, elfu kumi na nane. Namuuliza oringi tu, anijibu, "Hapa twauza mashine, hatuuzi oringi."

Haya, nikampelekea fundi. "Niachie, kesho uje." Kesho yake ikawa siku tisa, nami natoka Likoni, navuka feri kwenda na kurudi mara nne! Nikalipa hizo elfu tatu na mia tano. Ikagonga siku moja na nusu, kisha ikapata moto hata haishikiki.

Jioni nikaifungua mwenyewe barazani. Wallahi nilitaka kulia. Oringi aliyotia ni ya mfereji wa maji, imeshavimba, imekatika vipande vitatu, vimezama kwenye grisi. Mpira ule haukuumbwa kwa joto wala mafuta. Na grisi yenyewe ni ya beringi za gari, kaijaza pomoni mpaka pistoni haina pa kupumulia.

Lakini kilichonichoma ni kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye rota, yaani kile kiini cha mota kinachozunguka. Sikumwambia aziguse! Zangu zilikuwa za asili, zenye kile kipini cha ndani kinachozima mashine kaboni ikiisha, kabla springi haijakwaruza rota. Kazitoa, katia nyingine kubwa alizozisugua kwa msasa, moja kaimaliza upande hadi inacheza ndani ya kishikio chake. Sasa ile shaba ya rota, pale kaboni zinapogusa, ina michirizi myeusi na yatoa cheche za kijani. Nilipomrudia: "Mashine ya zamani hiyo mzee, shukuru imefika hapo."

Oringi nimeipata wapi? Changamwe, kwa wauza sili za haidroliki za malori. Nimekwenda na ile chuma yenyewe, jamaa kaipima kwa kalipa, kanipa ya mafuta na joto. Shilingi 60. Dakika kumi hazikufika, na mashine yagonga kama zamani.

Imebaki rota. Natafuta mtu wa lethi, ile mashine ya kuchonga chuma, atakayeipitisha shaba ile kidogo tu, nami nimesimama pale naangalia. Kuacha mashine kwa mtu, sitaki tena kusikia. Mwenye kumjua anielekeze, kisiwani au ng'ambo, nitafika.

Na wewe fundi, najua humu wasoma. Kaboni zangu zilikuwa bado nusu. Nazitaka.